Bwana Harusi wa Kijiweni

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo. Mimi afya yangu ni ile ile ya kuchechemea asubuhi na kunyooka mchana. Binti yangu anaendelea na shule na anakuulizia. Paa la jikoni halivuji tena pale ulipolitia lami, ila limeanza kuvuja kando yake, kana kwamba maji yamenuna.

Tangu uondoke hakuna kilichobadilika mtaani, ila watu wameongezeka majumbani. Kiwanda cha nguo kimefunga na geti la pili. Wanaume niliozoea kuwaona jioni tu sasa nawaona asubuhi kweupe, wanafagia uwanja uliokwisha kufagiwa na wake zao. Ile nyumba ya ghorofa aliyoianza Fundi iko vile vile alivyoiacha, nyasi zimeota kwenye ngazi. Nikipita naitazama kona aliyoijenga yeye. Naijua, wala siwezi kusema naijuaje. Unaona bado namwita Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu. Nimekuwa mkewe miaka yote hiyo na jina lake la nyumbani nililisikia siku ya mazishi kama geni.

Sasa neno lenyewe. Kaka yake, Mizani, hajalegeza. Unakumbuka siku tulipogawa vitu vya marehemu alivyosema mbele ya wote, kwamba vifaa visipofanya kazi ni chuma tu, na chuma kina wanunuzi. Nami nikasimama nikasema vitafanya kazi, kwa kuwa mdogo wangu amefundishwa na mwenyewe. Akanipa mpaka mwisho wa Julai. Ikifika huko hujajenga navyo, vinarudi na anaviuza. Si mtu mbaya. Amepima magunia ghalani tangu ujana wake, na ndiyo maana hata maneno yake anayapima kabla ya kuyatoa, na akishayatoa hayarudishi.

Natumaini umeshaufungua mfuko wa vifaa vyake vya uashi. Nilivisafisha vyote wiki ile baada ya msiba, nilipokuwa nafua nguo zake. Alipokuwa hai hakuniruhusu kuvigusa. Alikuwa anavifuta tu kwa kitambaa na kuvitundika. Safari hii hakuwepo wa kunikataza. Mwiko niliusugua kwa siki na mchanga mpaka nikaona uso wangu, mpini nikaupaka vanishi, timazi ya kupimia ukuta nayo nikaing'arisha. Sikutaka uende kwa watu na vifaa vichafu, waseme huyu hana kwao.

Niandikie umepata wapi kazi na unajenga nini.

Dada yako

26 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala. Naishi na mpaka rangi mmoja ambaye kila mtu anamwita Rangi, na hana kinyongo na jina hilo. Chumba chetu ni kidogo kiasi kwamba mmoja akivaa suruali mwingine lazima akae kitandani. Dirisha lipo, linatazama ukuta. Rangi anasema ukuta huo umepigwa plasta vibaya, kwa hiyo asubuhi tukiamka tunapata cha kulalamikia mapema.

Nikueleze kazi inavyotafutwa huku, maana si kama kwetu, ambako mtu anaijua nyumba ya fundi na anakwenda kubisha hodi. Huku kuna kijiwe, kwenye njia panda karibu na kituo cha mafuta. Pana ukuta mfupi wa kukalia. Alfajiri kila mtu anafika na vifaa vyake, anavipanga chini mbele ya miguu yake. Mpaka rangi anaweka brashi, fundi bomba anaweka spana, sisi waashi tunaweka mwiko na pimamaji. Wanasema zamani hapo walikuwa wanakaa wachache, na matajiri ndio waliokuwa wakibembeleza. Sasa ukichelewa hupati pa kukaa. Kuna mwalimu. Kuna karani wa benki aliyeazima nyundo, nayo anaishika kama kalamu.

Hakuna anayejieleza. Msimamizi anakuja na gari, anapunguza mwendo, anatazama chini. Sura hana haja nayo, anatazama vifaa. Akimpata anayemtaka anamnyooshea kidole, huyo anapanda, gari linaondoka, nasi tunasogea kuziba pengo.

Mimi wameshanibatiza. Naitwa Bwana Harusi. Nikitokea tu kwenye kona wananipigia vigelegele, mpaka mama muuza chai anauliza bibi harusi nimemwacha wapi. Nacheka nao.

Kazi za hapa na pale hazikosekani. Vifaa viko salama.

Msalimie mpwa wangu. Mwambie asome hesabu.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa basi, yule mwenye kofia, naye nimemwomba akuletee hii. Hatujambo. Binti amepita mtihani, hesabu zimemponyoka kidogo.

Nimecheka sana kwa hilo jina. Nilijua tu. Wewe tangu mdogo ukivaa shati lililopigwa pasi unakuwa kama mtu anayekwenda kuposa. Nimewasimulia majirani, sasa wanauliza harusi lini. Pale dukani nimesema mdogo wangu ni mwashi mji mkubwa, na matajiri wanakuja kumchukua kwa gari. Muuza duka akanitolea kiti.

Nami nimejaribu bahati yangu. Hoteli ya karibu na stesheni ilitangaza inataka mfuaji. Nikavaa lile gauni la bluu nikaenda. Foleni ilizunguka jengo, na mbele yangu alikuwa mke wa yule aliyekuwa meneja wa kiwanda, amejifunika uso kwa khanga nisimtambue, nami nikajifanya simtambui, tukazungumza habari za mvua. Nilipofika mezani, kijana akaniuliza nina uzoefu gani. Nikamwambia nimefua tangu nilipoweza kufika kwenye beseni. Akauliza, kwa nani. Nikasema kwangu. Akasema huo si uzoefu, mama, hayo ni maisha yako. Alisema kwa adabu. Nikarudi zangu.

Jambo moja linanisumbua. Umeandika vifaa viko salama. Chupa ya maua iliyo juu ya kabati iko salama. Mimi niliuliza unajenga nini. Mizani amepita Jumapili akauliza hilo hilo, nikamwambia unajenga, na macho nikayapeleka dirishani.

Niandikie kwa urefu.

Dada yako

5 Mei

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka. Pole kwa mambo ya hotelini. Yule kijana hajui alichokikosa, nguo zangu zote ulizofua wewe mpaka leo zinajulikana.

Huku mvua zimekuwa nyingi na saiti zimesimama. Nyingine zimesimama bila mvua. Rangi amepata kupaka mageti ya mtu, amelipwa nusu kwa pesa na nusu kwa ahadi.

Nina swali dogo, la kupitisha wakati tu. Hivi Fundi alikuwa anaosha mwiko wake baada ya kazi? Najaribu kukumbuka. Miaka yote niliyokuwa chini yake namwona akiukwangua kwa ukingo wa tofali, halafu kitambaa, halafu basi. Wewe uliwahi kumwona akiutia kwenye maji?

Usijisumbue kama hukumbuki.

Mdogo wako

23 Mei

Mdogo wangu,

Wote wazima. Nianze na hilo tu, mengine yanangoja.

Dereva wa kofia amerudi wiki iliyopita. Nilimpa chai, nikamwuliza habari zako kama ninavyomwuliza siku zote. Akasema amekuona, unabeba ndoo za zege, una kitambaa kichwani, na ulimpungia mkono kisha ukageukia upande mwingine. Alidhani atakuwa amenificha aibu akisema polepole. Nikamwambia kubeba zege si aibu, na nikamwongeza chai. Alipoondoka nikakaa. Si kwa sababu ya ndoo. Nilikaa kwa sababu mtu mwenye mwiko mkononi habebi ndoo mpaka mwiko umekataliwa, na sikujua kwa nini ukataliwe.

Ndipo nikalikumbuka swali lako. Nikaenda mpaka kwa mzee Plasta, aliyefanya kazi na Fundi, nikamwuliza kama ulivyouliza wewe. Alicheka kwanza, halafu akaona sicheki. Akaniambia mwiko wa mwashi haukutani na siki maisha yake yote. Saruji inabaki kidogo kidogo kwenye shingo ya chuma, mpini unashika weusi wa kiganja, na hapo ndipo mwenzako anapokusomea umri wako kazini. Mwiko unaong'aa, akasema, ni wa mtu aliyeununua jana, au aliyeuiba leo.

Basi nimeelewa Bwana Harusi ni nini. Na mimi nililisimulia mtaa mzima.

Nimefua miaka yake yote, mdogo wangu. Nilidhani natoa uchafu. Nawe umekaa na hilo miezi yote hii, unacheka nao, unaniandikia viko salama.

Plasta anasema dawa ipo, uupake saruji, uusugue na changarawe, kwa siku moja utazeeka. Mimi sitakwambia ufanye hivyo na sitakwambia usifanye. Wewe ndiye uliye huko.

Mizani amesema Julai atakuja mwenyewe kuvichukua. Amenunua na mfuko wa turubai. Sikuweza kumzuia.

Dada yako

20 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako Rangi alitoka nje mwenyewe, bila kuambiwa, na chumba kikawa kikubwa kidogo.

Usijilaumu. Nilijua tangu siku ya kwanza nilipoufungua mfuko. Niliona vilivyong'aa nikajua umeviosha wewe, na umeviosha ukilia, na nikaona bora wanicheke wao kuliko nikuandikie. Sasa umeshajua, nikwambie yaliyobaki.

Wasimamizi walikuwa wanasimama mbele yangu. Wanauokota mwiko, wanaugeuza, wanaurudisha chini taratibu kama mtu anayerudisha yai la mwenzake. Mmoja akaniuliza, "Umeununua wapi?" Nikamwambia haukununuliwa, ni wa shemeji yangu, ndiye fundi wangu. Akasema, "Basi mwambie shemeji yako aje."

Nikavikusanya vifaa. Siku ile ndiyo niliyokwenda kuomba kubeba zege.

Rangi naye alinipa dawa ile ile ya Plasta, akaniletea na kopo la saruji. Sikuweza. Ningeupaka uongo mwiko ambao yeye aliushika miaka yote bila kupunja tofali la mtu. Tukagombana kidogo. Akaniambia nina maringo ya mtu aliyeshiba, nikamwambia nina njaa na maringo pia, vyote vinaenea.

Halafu lori likarudi nyuma vibaya pale kijiweni likaangusha ukuta tunaokalia, sehemu kubwa. Hakuna aliyejali. Manispaa haina pesa, na sisi si kazi yetu. Watu wakawa wanakaa chini kwenye tope, mwalimu na karani na wote, na asubuhi wasimamizi wanatutazama tumechutama kama kuku wa mvua. Nikaona hili halifai. Watu wanaotafuta kazi wasitafute wakiwa wamechutama.

Pale ninapobeba zege, jioni huwa panabaki mchanganyiko kwenye karai, unaganda usiku na kutupwa. Nikamwomba msimamizi wa pale, akasema chukua, umenipunguzia kukwangua. Matofali yalikuwa yale yale yaliyoanguka. Jioni nikitoka kazini, kabla giza halijaingia, nikawa najenga. Kidogo kidogo, kwa kadiri karai lilivyobaki. Siku ya kwanza walinizunguka kama wanaotazama mchezo. "Bwana Harusi anajijengea nyumba," akasema mmoja, "bibi harusi ataingilia wapi?" Siku ya pili fundi bomba akanishikia ncha ya kamba, akisema ni kwa sababu amechoka kusimama bure. Siku zilizofuata karani akawa ananipa tofali, na kila nililolikataa alikuwa anauliza sababu.

Nilijenga kama nilivyofundishwa. Timazi kila mstari, hata pale ambapo ukuta wote haufiki kiunoni. Kona nilizifanya za mviringo, nguo za watu zisichanike.

Ulipokwisha tukaukalia. Asubuhi moja gari likasimama, msimamizi mmoja mnene akashuka, akatembea nao kutoka mwanzo mpaka mwisho, ameweka kiganja juu. Akauliza nani amejenga. Wote wakaninyooshea kidole, hata wale waashi wenzangu, ambao wangeweza kunyamaza wakapata wao. Dada, hilo sitalisahau. Mwashi mzee kuliko wote pale, ambaye hajachukuliwa tangu Aprili, ndiye aliyesema kwa sauti, "Ni huyu. Mpeleke." Msimamizi hakuinama kutazama vifaa. Akasema panda.

Sasa najenga ghala la dawa la hospitali. Ni kazi ndefu. Nimemwombea yule mwashi mzee, naye anaanza Jumatatu.

Kaka Mizani akija, aje. Sina la kumficha.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

Hapa kwema. Binti amepanda kwenye hesabu. Hoteli ile imeniita, mfuaji wao wa kwanza alikuwa anachoma kola, na safari hii sikuulizwa kitu. Naanza kesho kutwa.

Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia kwa sababu kuna mtu alikuja kwako nawe hukumwona.

Mizani aliondoka hapa siku za mwisho za Julai na mfuko wake wa turubai umekunjwa kwapani. Hakuniaga vizuri, alisema tu neno ni neno. Siku ya kurudi akatuita wote nyumbani kwake, wale wale waliokuwepo siku ya kugawa. Nilijivisha lile gauni la bluu. Nilijiambia kama vimerudi, sitalia mbele yao.

Akaweka mfuko mezani. Ulikuwa umekunjwa vile vile.

Akaanza kusimulia kwa mpangilio wake, unamjua, kama anayesoma mizigo. Alifika kijiweni asubuhi, akaukuta ukuta, akakaa. Akamwuliza aliyekuwa kando yake kama anamjua mtu fulani, akataja jina lako, hakuna aliyelijua. Akaeleza sura yako. Wakamwambia, huyo ni Bwana Harusi, na huo uliokalia ni wake. Mizani anasema alisimama akaugeukia ukuta, halafu akakaa tena, akakaa muda.

Wakamwelekeza hospitalini. Ulikuwa juu ya jukwaa, umempa mgongo. Akasimama chini. Msimamizi akamwendea akamwambia, mzee, leo hatuchukui watu. Hebu fikiria, Mizani na tumbo lake na kiatu chake cha kanisani. Akamjibu kwamba hatafuti kazi, amekuja kutazama mali ya nyumbani kwao. Akaachwa atazame.

Alitazama mpaka mkapumzika kula. Nikamwuliza kwa nini basi hakukuita. Akasema, "Angeniona angeshuka. Na mstari alikuwa hajaumaliza."

Binti yangu, ambaye hajui kungoja zamu yake, akauliza vifaa viko wapi. Mizani akasema, "Viko kazini." Kisha akataka kuongeza neno. Akasema anapogonga tofali, huyu kijana anainamisha kichwa upande wa kushoto kama anayesikiliza, kama vile. Hakumaliza. Mtu aliyepima maneno maisha yake yote, hilo moja, jina la nduguye, likamshinda kulinyanyua. Akauchukua mfuko akampa binti yangu awekee madaftari.

Nilikwenda jikoni kwake nikasimama kati ya masufuria mpaka nikawa sawa.

Leo asubuhi nimetoka. Sikuwa na safari wala haja ya dukani. Nimepita polepole mbele ya milango yote ya mtaa, nyumba hadi nyumba, nikarudi kwa upande wa pili. Nilikuwa nataka tu mtu aniulize habari zako.

Dada yako